Kuchangisha pesa za kuzuia nyuklia

Umeuliza kama kutafuta pesa za shirika linalopinga silaha za nyuklia ni kazi ngumu kuliko la visima au watoto. Ngumu aisee, kisima unampigia mfadhili picha maji yanatoka, sasa bomu ambalo halijalipuka utampigia picha gani? Na wafadhili wenyewe wachache, MacArthur Foundation, taasisi ya Marekani inayotoa ruzuku, walivyotangaza 2021 kwamba wanajitoa kwenye nyuklia watu wengi walibaki na pengo kubwa. Mimi huwa namwonyesha mtu kitu kilichotokea kweli, mfano ICAN, kampeni ya kimataifa ya kutokomeza silaha za nyuklia, walivyosukuma mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo ukapita UN 2017 na mwaka huohuo wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Halafu usikimbilie kutuma andiko la mradi, mpigie mfadhili simu kwanza, msikilize anaogopa nini.