Jibu: Nimeacha uvuvi lakini bado najiona nahodha

Kaka, umesema uliuza mtumbwi Kibirizi, Kigoma, sasa una duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, lakini kijana wa dukani akikuuliza swali unaona anambishia nahodha. Na daftari unaloandika kila usiku linazidi kukuumiza.

Kasoro iko kwenye swali unalojiuliza humo daftarini. "Kwa nini niko hivi?" halina mwisho, linakuzungusha tu. Andika tukio moja la siku hiyo, si maisha yote: "Saa nne kijana kauliza bei ya nondo mara mbili, nikamfokea." Chini yake: aliyefoka ni nani? Nahodha. Ukali wake ulikuwa na kazi gani? Ziwani usiku, upepo ukibadilika, amri ikibishaniwa watu wanazama. Dukani hakuna anayezama. Malizia na kitendo kimoja kidogo cha kesho: akiuliza, nitaje bei kwanza.

Dakika 10 zinatosha, kabla ya chakula cha jioni, si kitandani. Hata watafiti wa saikolojia Pennebaker na Beall, kwenye utafiti wao wa 1986, waliwaandikisha watu dakika 15 tu kwa siku 4 mfululizo. Hasira ikipanda, jiandike kwa jina lako, kama unamsimulia mtu mwingine.

Usifute kila kitu cha nahodha, lakini. Kinachoondoka ni cheo. Kuamka mapema na kumjua mvivu kwa kumtazama ni mtaji wa duka. Wakikuita nahodha sokoni, itika tu.

Usingizi ukikukataa zaidi ya wiki mbili, hilo si la daftari. Nenda hospitali ya Maweni ukamwone daktari.