Kilomita 300,000 peke yake si sababu ya kuliuza gari
Unajiuliza uliuze SUV lako la zamani au ubaki nalo? Baki nalo, mradi chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ni nzima. Kilomita 300,000 kwenye SUV hazisemi mengi; kinachoua gari la umri huo ni kutu, gia na injini iliyowahi kuchemsha. Ingia chini na bisibisi, chokonoa fremu pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikizo vya springi, maana ndimo matope hukaa. Bisibisi ikizama, au chuma kikibanduka tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, usiongeze hata senti humo.

Fremu ikipita, fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Kwa injini ya petroli: iwe ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda dhaifu isiwe chini ya ile yenye nguvu kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Oili ya gia otomatiki ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia inaelekea mwisho.

Bushi, boljointi, shokapu? Hivyo ni vya kuisha, visikutishe, hata vikipiga kelele kama debe tupu.

Ila kama taiming (kinachofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio) ni ya mkanda na haijulikani ulibadilishwa lini, ubadilishe kwanza pamoja na pampu ya maji. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, na hapo hesabu yote inageuka.