Maswali ya Wasomaji: Kuku wa kishingo, jogoo mmoja na alama za uteuzi

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Pongwe, Tanga. Kwa miaka minane nimebakiza majogoo wa kishingo tu, kwa kuwa wanastahimili joto la pwani, na sasa karibu kundi zima ni kishingo. Mwanafunzi mmoja wa mifugo ameniambia uteuzi huo umeacha alama kwenye DNA. Ni kweli? Inapimwaje? Nina matetea 20 na jogoo mmoja.

JIBU: Marahaba. Alama ipo, lakini kwa kundi lako pekee haisomeki, na kinachoizuia ni huyo jogoo mmoja.

Kishingo hutokana na kipande cha DNA cha kromosomu ya 1 kilichojipachika kwenye kromosomu ya 3, jirani na jeni ya BMP12. Jeni hiyo hufanya kazi kupita kiasi na manyoya ya shingoni hayaoti. Ukibakiza kuku wenye kipande hicho, umebakiza pia DNA iliyokaa kando yake, iwe na faida au isiwe nayo. Vizazi vikipita, kuku wote hufanana eneo hilo huku kwingineko wakiendelea kutofautiana. Doa hilo la kufanana ndilo linalotafutwa.

Kupima ni hesabu ya kawaida. Tuseme aleli moja (mojawapo ya sura za kipande kilekile cha DNA) ipo kwa asilimia 90 kwa vishingo na asilimia 10 kwa kuku wenye manyoya shingoni. Mchanganyiko unaotarajiwa, yaani sehemu ya kuku waliorithi aleli mbili tofauti, ndani ya kila kundi ni 2 × 0.9 × 0.1 = 0.18. Makundi yakiunganishwa ni 2 × 0.5 × 0.5 = 0.50. Kipimo cha utofauti, FST, ni (0.50 − 0.18) ÷ 0.50 = 0.64. Mahali ambapo aleli ni asilimia 60 kwa 40, hesabu hiyo hiyo hutoa 0.04 tu. Hurudiwa kwenye maelfu ya alama za DNA, kisha huangaliwa wapi namba zinapanda kwa pamoja.

Sasa jogoo. Idadi ya wazazi inayohesabika kijenetiki ni 4 × majogoo × matetea ÷ jumla yao. Kwako ni 80 ÷ 21, yaani kuku 3.8! Kundi la namna hiyo hupoteza takriban asilimia 13 ya mchanganyiko wake kila kizazi, katika DNA yote, bila kuchaguliwa chochote. Madoa ya kufanana yatajaa kila kromosomu, na lile la kishingo litapotea katikati yao. Ukiweka majogoo watano ambao si ndugu, idadi inakuwa 16 na upotevu unashuka hadi asilimia 3. Tungekushauri ufanye hivyo hata kama hutapima DNA kamwe, maana vifaranga wako sasa ni ndugu kwa baba wote.

Kwa kipimo cha maana, chukua vishingo 25 na wenye manyoya 25 kutoka kaya na vijiji mbalimbali vya ukanda huo huo, kuku mmoja au wawili kwa kaya. Ukichukua vishingo Tanga na wenzao Dodoma, utapima tofauti ya mikoa. Kishingo mwenye kishungi cha manyoya mbele ya shingo amerithi kipande hicho kwa mzazi mmoja. Asiye nacho amekirithi kwa wote wawili. Waandike kando.

Damu hutolewa kwenye mshipa wa chini ya bawa: pangusa kwa spiriti, toboa kwa sindano mpya kwa kila kuku, dondoshea matone mawili kwenye karatasi maalumu ya damu. Yanatosha, kwa sababu chembe nyekundu za ndege zina kiini chenye DNA. Za mbuzi hazina, ndiyo maana mbuzi hutolewa mililita kadhaa. Kausha kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha weka kwenye bahasha ya karatasi pamoja na silika (chembe za kufyonza unyevu). Kwa unyevu wa Tanga, karatasi mbichi ikifungiwa kwenye plastiki huota ukungu na DNA huharibika. Andika kwa penseli, kwani spiriti hufuta wino.

Kosa kubwa huja mwishoni: watu huchukua asilimia moja ya namba za juu na kuziita alama za uteuzi. Asilimia moja ya juu ipo hata kwa kundi ambalo halikuchaguliwa kamwe. Dai eneo pale tu FST ya juu inapokutana na mchanganyiko mdogo na vipande virefu vinavyofanana kwa vishingo.

SWALI: Je, mkonge wetu wa Korogwe unaweza kupimwa hivyo?

JIBU: Hapana. Mkonge wa zamani ulitokana na miche 1,000 iliyoagizwa Florida na Richard Hindorf mwaka 1893, ikafika hai 62. Tangu hapo umepandwa kwa maotea na kwa miche inayoota juu ya mlingoti, bila mbegu. Kromosomu hazichanganyiki upya, hivyo mmea ukipendwa DNA yake nzima husambaa kwa pamoja na hakuna doa linalojitenga. Kufanana utakakokuta ni kwa ile miche 62. DNA itakufaa kwa kazi nyingine: kuhakiki kama miche uliyouziwa kitaluni ni aina ya mkonge chotara iitwayo 11648 kweli.