Siku 60 za Libya: kwa nini Kongresi ya Marekani haikumzuia Obama mwaka 2011?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Tuna mdahalo na nimepangiwa kutetea hoja kwamba Rais Obama alivunja sheria alipoishambulia Libya mwaka 2011 bila idhini ya Kongresi. Nimesoma kwamba sheria yao ya 1973 inampa rais siku 60, na vita vile vilidumu miezi saba. Siku hizo zinahesabiwaje? Mbona hakuzuiwa na mahakama wala kuondolewa madarakani? Je, alilipa gharama yoyote ya kisiasa, au Kongresi ilipiga kelele tu? Ukipata nafasi, gusia na huku kwetu.

JIBU: Kwanza rekebisha sentensi moja, maana upande wa pili ukiibaini utakubana nayo. Sheria ya Mamlaka ya Kivita ya 1973 haimpi rais siku 60 za kupigana. Kifungu cha 2(c) kinataja hali tatu tu zinazomruhusu kuingiza majeshi kwenye mapigano: Kongresi imetangaza vita, Kongresi imetoa idhini mahsusi kwa sheria, au Marekani yenyewe, maeneo yake au majeshi yake yameshambuliwa. Kwa Libya hakukuwa na hata moja. Siku 60 zimo katika kifungu cha 5(b), na kazi yake ni kumlazimisha rais aliyekwisha kuingia aondoke. Kifungu cha 8(d) kinaongeza kwamba hakuna neno lolote katika sheria hiyo linalompa rais mamlaka ambayo hakuwa nayo kabla. Jiandae kujibiwa kwamba 2(c) ni tamko la sera tu, lisilo na nguvu ya amri. Mawakili wa serikali za vyama vyote viwili wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi.

Sasa hesabu. Mashambulizi yalianza tarehe 19 Machi 2011, siku mbili baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio namba 1973, lililoruhusu nguvu kutumika kuwalinda raia wa Libya. (Namba ya azimio na mwaka wa sheria zimegongana kwa bahati tu. Ukiwa jukwaani sema "azimio la Umoja wa Mataifa" na "sheria ya Marekani", la sivyo wasikilizaji watapotea.) Kifungu cha 4(a)(1) kinamtaka rais atoe taarifa ya maandishi kwa Kongresi ndani ya saa 48, na Obama aliituma tarehe 21 Machi. Siku 60 huhesabiwa tangu taarifa ilipowasilishwa au ilipotakiwa kuwasilishwa, ipi inayotangulia, kwa hiyo ukomo ulikuwa 20 Mei. Sheria inaruhusu siku 30 za ziada, lakini kwa sharti zito: rais athibitishe kwa maandishi kwamba usalama wa askari unahitaji muda huo wakati wanaondolewa. Obama hakutoa uthibitisho huo. Hata John Boehner, Spika wa Baraza la Wawakilishi, alipomwandikia katikati ya Juni akihesabu siku 90 kamili, kikomo chake kilikuwa Jumapili ya 19 Juni. Operesheni, iliyokuwa imehamia chini ya NATO (muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi), ilifungwa 31 Oktoba.

Ukiisoma barua ile ya 21 Machi utaona imeandikwa "kwa namna inayoafikiana na" sheria ya 1973, wala haisemi "kwa kutekeleza" kifungu cha 4(a)(1). Huo ni mtindo wa marais wote. Ni Gerald Ford peke yake, katika sakata la Mayaguez, meli ya Marekani iliyotekwa na Kambodia mwaka 1975, aliyekitaja kifungu hicho waziwazi, na wakati huo mapigano yalikuwa yamekwisha. Anayekwepa kukitaja anakwepa kukiri kwamba saa imeanza kwenda. Ndiyo maana sheria inahesabu pia tangu siku ambayo taarifa ilitakiwa kutolewa, hata kama haikutolewa.

Shina la ugomvi lilikuwa hili: je, yaliyokuwa yakifanyika Libya baada ya 20 Mei yalikuwa mapigano? Sheria inasimamia kuingizwa kwa majeshi kwenye mapigano, lakini haielezi mapigano ni nini. Tarehe 31 Machi NATO ilichukua uongozi wote, na Marekani ikarudi nyuma ikiendelea kujaza ndege mafuta angani, kutoa taarifa za kijasusi, kupiga mitambo ya ulinzi wa anga na, tangu Aprili, kurusha makombora kwa ndege zisizo na rubani. Mawakili wa serikali wakagawanyika. Jeh Johnson, mwanasheria mkuu wa Wizara ya Ulinzi, na Caroline Krass, kaimu mkuu wa ofisi ya ushauri wa kisheria katika Wizara ya Sheria, waliona kwamba hayo ni mapigano. Harold Koh wa Wizara ya Mambo ya Nje na Robert Bauer wa Ikulu waliona siyo. Kwa desturi, maoni ya ofisi ya Krass ndiyo huifunga serikali nzima. Rais ana mamlaka ya kuyapita, lakini ni nadra sana. Safari hii Obama aliyapita.

Tarehe 28 Juni Koh alifika mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti akaeleza mambo manne: lengo la operesheni ni finyu, askari wa Marekani hawamo katika hatari kubwa, uwezekano wa vita kutanuka ni mdogo, na silaha zinazotumika ni za kiasi. Hoja yako nzito iko hapa, na nakusihi uipe dakika nyingi kuliko nyingine zote. Chimbuko la sheria linapinga tafsiri hiyo. Ripoti ya Baraza la Wawakilishi ya 1973 inaeleza kwamba kamati ilibadilisha maneno kutoka "mgogoro wa silaha" kwenda "mapigano" kwa sababu hilo la pili lilionekana kuwa pana zaidi. Tena, ikiwa kinachoangaliwa ni kama adui anaweza kumdhuru askari wako, basi taifa lenye ndege zisizo na rubani linaweza kumpiga mtu mwaka mzima bila sheria kuguswa, maana anayekufa ni wa upande mmoja tu. Kwangu mimi tafsiri ile haikubaliki, na madhara yake hayakuishia Libya. Mwaka 2018 Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilitumia mantiki ya aina hiyohiyo kudai kwamba kuzijaza mafuta ndege za Saudi Arabia zilizokuwa zikiipiga Yemen hakukuwa kushiriki mapigano.

Je, azimio la Umoja wa Mataifa halitoshi kuwa idhini? Kwa sheria ya kimataifa linasaidia sana. Lilipita kwa kura 10, zikiwamo za Nigeria, Afrika Kusini na Gabon, huku nchi 5 zikijizuia. Kwa sheria ya ndani ya Marekani halisaidii kitu: kifungu cha 8(a) kinasema idhini haiwezi kudhaniwa kutokana na mkataba wala bajeti, mpaka kuwe na sheria inayotamka hivyo kinagaubaga.

Sasa Kongresi yenyewe. Soma kura zake kwa makini, kwa sababu zinaeleza mengi kuliko hotuba. Tarehe 3 Juni Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mbili. Azimio la mbunge Dennis Kucinich la kutaka majeshi yaondolewe lilianguka kwa 148 dhidi ya 265. La Boehner, lililomkaripia rais na kumpa siku 14 alete maelezo, likapita kwa 268 dhidi ya 145. Ikulu ilijibu tarehe 15 Juni kwa waraka wa kurasa 32 uliosema kwamba hadi 3 Juni zilikuwa zimetumika dola milioni 715.9 na hadi mwisho wa Septemba zingefika bilioni 1.1. Tarehe 24 Juni Baraza likakataa kuidhinisha vita kwa 295 dhidi ya 123, na Wademokrati 70 wakaenda kinyume na rais wao. Siku hiyohiyo, muswada wa kubana fedha ukaanguka kwa 238 dhidi ya 180.

Yaani walikataa kuidhinisha na wakakataa kuzuia. Wengi huona huo ni unafiki mtupu, lakini yaangalie maandishi ya muswada ule. Uliacha nje ya katazo ujazaji mafuta, ujasusi, uokoaji na upangaji wa operesheni, yaani sehemu kubwa ya kazi ambayo Marekani ilikuwa ikiifanya wakati huo. Baadhi ya wabunge waliopinga vita, Ron Paul akiwamo, waliukataa kwa hofu kwamba kupitisha misamaha hiyo kungegeuka idhini ya mlango wa nyuma. Ukiandika muswada wa namna hii bila uangalifu, unampa rais kile ulichotaka kumnyima. Upande wa Seneti, azimio la maseneta Kerry na McCain la kuidhinisha operesheni kwa mwaka mmoja lilipita kwenye kamati kwa 14 dhidi ya 5, lakini halikuwahi kupigiwa kura na Seneti nzima.

Kwa nini kifungu cha 5 hakikufanya kazi chenyewe? Sheria ya 1973 iliiruhusu Kongresi, kwa azimio la mabaraza yote mawili lisilopelekwa kwa rais, kuamuru majeshi yaondoke. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha, iliamua kwamba Kongresi haiwezi kuamuru jambo lenye nguvu ya kisheria bila kulipeleka kwa rais asaini au atie kura ya turufu. Tangu hapo njia ya uhakika ni azimio la pamoja, ambalo hupelekwa kwa rais, na akilipinga linahitaji theluthi mbili za kila baraza. Ugumu wake ulionekana mwaka 2019, kwa azimio la kuitoa Marekani kwenye vita vya Yemen: Seneti 54 kwa 46, Baraza 247 kwa 175, Trump akatia turufu, na jaribio la Seneti la kuipindua likapata kura 53 tu.

Mahakama nayo haikutoa mlango. Kucinich na wenzake, jumla wabunge 10, walifungua kesi 15 Juni, na Jaji Reggie Walton akaitupa 20 Oktoba, siku ileile Gaddafi alipouawa. Hakusema vita ni halali wala haramu. Alisema wabunge hao hawakuwa na haki ya kushtaki, akifuata uamuzi wa kesi ya mbunge Campbell iliyohusu vita vya Kosovo vya 1999: mbunge ambaye bado ana silaha ya kura hawezi kukimbilia kwa jaji kwa sababu wenzake hawakumuunga mkono. Kuhusu kuondolewa madarakani, mbunge Walter Jones wa North Carolina aliwasilisha azimio mwaka 2012 la kutamka kwamba rais anayeanzisha vita bila Kongresi anastahili kushtakiwa bungeni. Halikufikia kura.

Fedha ndiyo silaha iliyobaki, na Obama aliipitia kando kwa kutumia bajeti ambayo Pentagon ilikuwa nayo tayari, bila kuomba nyongeza. Rais Bill Clinton, kwa vita vya Kosovo mwaka 1999, aliomba nyongeza na akaipata, kisha mawakili wake wakadai kwamba nyongeza hiyo ni idhini, kifungu cha 8(a) kikiwa palepale.

Gharama ya kisiasa alilipa, ila kwa kuchelewa na kupitia njia nyingine. Tarehe 11 Septemba 2012 balozi Chris Stevens na Wamarekani wengine watatu waliuawa mjini Benghazi, Libya. Kwa kuwa Kongresi haikuwa imeweka sahihi yake kwenye operesheni ya Libya, lawama haikuweza kuwarudia wabunge waliompinga Obama. Kamati maalumu ya Benghazi iliyoundwa Mei 2014 ndiyo iliyoifukua habari ya barua pepe za Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Obama, na suala hilo likamfuata hadi alipogombea urais mwaka 2016. Kisha Syria, iliyotuhumiwa kutumia silaha za kemikali: tarehe 29 Agosti 2013 bunge la Uingereza lilimkatalia Waziri Mkuu David Cameron kuishambulia, kwa 285 dhidi ya 272, na siku mbili baadaye Obama akatangaza kwamba ataomba idhini ya Kongresi kabla ya kupiga. Azimio lilipita kamati ya Seneti kwa 10 dhidi ya 7, kisha kura zikakosekana na shambulio likasimamishwa, Urusi ilipoleta mpango wa kuondoa silaha za kemikali. Wabunge walioburuzwa mwaka 2011 hawakuwa na deni kwake. Na mwaka 2014, dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu, serikali haikurudia hoja ya Koh. Ilishika idhini ya zamani ya 2001 iliyotolewa dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya 11 Septemba, ikainyoosha hadi Iraq na Syria.

Mpinzani akikuambia kwamba demokrasia haziwezi kupigana vita huku zikipiga kura, mpe Ufaransa katika vita hivihivi. Ibara ya 35 ya katiba yao, tangu marekebisho ya 2008, inaitaka serikali iliarifu bunge ndani ya siku tatu na iombe idhini operesheni ikizidi miezi minne. Julai 2011 wabunge walipiga kura na kuiruhusu iendelee. Ndege hazikuanguka kwa sababu hiyo.

Kwa huku kwetu, usichanganye kutangaza vita na kupeleka majeshi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 44, inampa rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, kisha Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 lifikirie kuunga mkono tangazo au la. Lakini wanajeshi wa Tanzania walipokwenda Anjouan mwaka 2008, na Kongo mwaka 2013 katika kikosi cha kujibu mashambulizi cha Umoja wa Mataifa, hakukuwa na tangazo la vita, kwa hiyo saa ya siku 14 haikuwa na pa kuanzia. Kenya ina ibara ya 240(8) ya Katiba ya 2010, inayotaka idhini ya Bunge kabla Baraza la Usalama wa Taifa halijapeleka majeshi nje kwa operesheni za kulinda amani au za msaada. Oktoba 2011 KDF, jeshi la Kenya, waliingia Somalia, na serikali ikajenga hoja yake juu ya haki ya kujihami chini ya ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Bunge lilikuja kuidhinisha kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, mwezi Desemba, askari wakiwa huko tayari. Ukiulizwa jukwaani kama ibara ya 240(8) ilivunjwa, usijibu haraka. Uliza kwanza kama kujihami ni moja ya operesheni zilizotajwa humo, kwa sababu jibu la hapo ndilo litakaloamua kama idhini ilihitajika Oktoba au Desemba.