Nimefuta Windows ya shule, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mjomba Fundi. Niko kidato cha tano hapa Moshi. Shule imetuazima kompyuta mpakato kwa kazi za mradi, moja kwa wanafunzi wawili. Jumamosi nilitaka kuweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows kwa flashi aliyonitengenezea kaka. Nikachagua kufuta diski nzima, nikidhani ni ile flashi inayosemwa. Sasa inawaka Ubuntu tupu. Nimebonyeza F11 ya kurudisha mfumo, wapi! Ripoti yetu ya Biolojia ilikuwa humo na mwenzangu hajui. Kuna kijana stendi anasema ataipiga Windows kwa elfu kumi na tano na hakuna atakayegundua. Nimpelekee? Diski ni SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256.
Mwenye Hofu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpelekee.

Windows ataipiga, tena ndani ya saa moja. Ila huenda akaiamsha kwa programu ya wizi, na hizo hupenda kuja na virusi. Na kugundulika utagundulika: mwalimu wa TEHAMA akiiwasha, akaunti na mipangilio ya shule haitakuwepo.

F11 haikujibu kwa sababu nakala ya kurudishia mfumo ilikaa kwenye diski hiyohiyo. Umechoma nyumba, na ndoo ya maji ilikuwa ndani.

Windows yenyewe isikunyime usingizi. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye kwa kawaida huwa na namba ya leseni kwenye ubao mama, na huko Ubuntu haikugusa. Mwalimu akiwa na flashi ya GB 8 na faili halali la Microsoft, ataipiga upya, na ikipata intaneti itajithibitisha. Kama shule ilikuwa imepandisha toleo, mfano kutoka Home kwenda Pro, leseni hiyo anayo yeye, si kijana wa stendi.

Ripoti ndiyo kazi. Ingekuwa diski ya zamani, ile inayozunguka, ningekwambia zima sasa hivi, usiandike kitu, tujaribu PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Kwa SSD, Ubuntu inapoandaa diski huiambia kwamba nafasi zote ni tupu, nayo hujisafisha yenyewe. Atakayekuahidi kuirudisha, mwambie utamlipa ukishaisoma.

Kwa hiyo itafute nje ya mashine. Ingia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kwa simu, kwa akaunti ya shule kama mlipewa. Mara nyingi folda ya Documents hupanda huko bila mtu kujua. Pekua grupu la WhatsApp la mradi. Halafu nenda steshenari mlikochapia mara ya mwisho, umwombe dada afungue folda ya Downloads. Kompyuta za steshenari hazifutwi, zina wasifu wa kazi wa nusu ya mji!

Mwenzako mwambie leo, kabla hajafuta flashi yake. Mwaka 2003 nilifomati kompyuta ya mhasibu ofisini kwetu, nikanyamaza siku mbili nikitafuta ujanja. Ijumaa, kama kawaida yake, mhasibu akachukua nakala kwenye disketi zilezile. Akaandika utupu juu ya nakala pekee iliyokuwa imebaki. Kufomati bosi alinisamehe. Zile siku mbili alinikumbusha mpaka nilipoacha kazi.

Mwalimu umwone Jumatatu asubuhi kabla ya kipindi, mashine mkononi: “Mwalimu, nilijaribu kuweka Ubuntu, nikafuta diski yote pamoja na Windows. Sijampa fundi yeyote.” Sentensi ya mwisho usiisahau, atashusha pumzi.

Na kaka yako mwambie flashi yake inaweza kuendesha Ubuntu bila kugusa diski. Kwenye kurasa za mwanzo kuna chaguo la kujaribu tu. Ila safari hii tumia mashine ya kaka.