Kahawa ya Gayo ina rangi ya buluu: ni arabika kweli?

Swali: Mtaalamu, nakaanga kahawa hapa Arusha kwa ajili ya mgahawa wangu, na nimezoea za Kilimanjaro na Mbinga. Safari hii nimeletewa gunia lililoandikwa Sumatra Gayo. Punje zina kijani kilichokolea mpaka kinaelekea buluu, kadhaa zimechanika nchani, na kikombeni uchachu ni kama haupo. Nimeuziwa robusta kwa jina la arabika, au kahawa imeoza?

Jibu: Dada, kwa dalili ulizotaja sioni sababu ya kumshuku muuzaji. Hakikisha kwanza kwa macho: punje ya arabika ni ndefu kidogo na mstari wake wa katikati umepinda, ya robusta ni ya mviringo na mstari umenyooka. Rangi ile, mipasuko ile na uhaba ule wa uchachu vyote vinatoka mahali pamoja, yaani namna kahawa ilivyokobolewa.

Gayo ni nyanda za juu za mkoa wa Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, kuzunguka ziwa Laut Tawar na mji wa Takengon. Jina hilo linalindwa kisheria Indonesia tangu 2010 na katika Umoja wa Ulaya tangu 2017. Ukikutana na Mandheling sokoni, hiyo nayo ni arabika ya Sumatra, iliyopewa jina la watu wa Mandailing.

Robusta unayoihofia imo kwa mbali, kwenye ukoo. Wakulima wengi wa Gayo wana miti ya Tim Tim, uzao wa chotara wa arabika na robusta aliyejitokeza mwenyewe kisiwani Timor, na waliupenda kwa sababu unastahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Lakini si huo ulioondoa uchachu kikombeni mwako.

Fikiria kahawa ya Kilimanjaro. Tunda linamenywa, ute unavundikwa, punje inaoshwa, kisha inaanikwa ikiwa ndani ya ganda lake la ndani mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 11 au 12. Hapo ndipo inapelekwa kukobolewa. Gayo hawana anasa ya jua la mfululizo. Mvua ni nyingi, hewa ina unyevu, na mkulima mwenye shamba dogo anahitaji fedha mapema. Basi humenya nyumbani, huacha ute uvunde usiku mmoja, huosha, huanika kwa muda mfupi na kuuza kahawa ikiwa bado imelowa. Mnunuzi huikoboa ikiwa na unyevu wa asilimia 30 hata zaidi, kisha huianika tena bila ganda, nayo hukauka haraka. Njia hii wenyewe huiita giling basah. Punje ikiwa laini hivyo, mashine huiminya na kuichana ncha. Na kukauka ikiwa wazi ndiko kunakoipa kile kijani cha buluu.

Kikombe nacho hubadilika. Uchachu hushuka, kinywaji huwa kizito ulimini, na hujitokeza viungo, mwerezi, tumbaku, chokoleti chungu na harufu ya udongo wa msituni. Wapo wanaosema ni ardhi ya volkano inayotoa ladha hiyo. Sikubaliani nao, kwa sababu kahawa ya Gayo iliyooshwa na kukaushwa ndani ya ganda kama yetu huwa safi na yenye uchachu wa kutambulika.

Kuhusu kuoza, hofu yako ina msingi, maana punje iliyolowa na isiyo na ganda ni rahisi kushika kuvu. Harufu ya udongo na miti ni sawa. Ya gunia lililokaa stoo yenye unyevu si sawa, hata kama mtu atakwambia ndiyo tabia ya Sumatra. Pima unyevu. Ukizidi asilimia 13, irudishe. Kisha chambua punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu kabla ya kukaanga, utazikuta nyingi kuliko ulivyozoea.

Wakati wa kukaanga, anza na moto wa chini kuliko unaoutumia kwa Kilimanjaro, kwani punje hizi ni laini na huungua juu kabla ya kuiva ndani. Rangi haitalingana punje kwa punje na mlio wa kwanza wa kupasuka huwa hafifu, kwa hiyo fuata jotoridi na harufu zaidi ya macho. Ukiitoa mapema mno utapata ladha ya majani mabichi. Mimi huitoa karibu na mlio wa pili, kabla haujaanza. Ukiuvuka sana, viungo vyote vinamezwa na moshi. Iache ipumzike siku chache ndipo uionje.

Ukitaka kuichanganya na Kilimanjaro ili upate uzito na uchachu katika kikombe kimoja, kaanga kila moja peke yake. Punje laini na punje ngumu hazipokei moto kwa namna moja.