Wadogo zangu, tumbo moja halina mabosi wawili

Juzi nilijibanza viti vya nyuma kuangalia mazoezi ya opera ya wadogo zetu. Saa nne asubuhi, sauti bado haijaamka, na soprano mmoja (sauti ya juu ya kike), mtoto wa nyumbani kabisa, anaimba kwa nguvu zote huku anazunguka kama pia. Onyesho lenyewe jioni ileile. Nikashika kichwa. Ujinga huo niliufanya mimi miaka 11 iliyopita, tena kwa bidii kumshinda. Basi nasema, maana nikinyamaza nitaugua vidonda vya tumbo.

1. Makini. Yaani kumaki, kufanya mazoezi kwa nusu nguvu, siyo umakini, ingawa na huo mnauhitaji. Nota za juu shusha oktava, dansi ionyeshe kwa mikono. Viti vitupu havipigi makofi.

2. Mwalimu wa dansi anahesabu nane nane, maestro, kiongozi wa okestra, anahesabu baa, vile vipimo vya muziki. Andika hesabu zote mbili kwenye nota zako, kwa penseli.

3. Pumzi. Hapa nivumilieni.

Mimi mwili wangu ulifundishwa na ngoma kabla sijasikia arya, wimbo wa opera wa mtu mmoja, hata moja. Nota nilizijulia kwaya ya kanisani, do re mi za ubaoni, lakini kiuno kilisomea sindimba. Nilipofika Ujerumani nikajiandikisha na darasa la baleti, nikijua mwimbaji anayecheza hakosi kazi. Asubuhi mwalimu wa baleti: "Tumbo ndani!" Mchana mwalimu wa sauti: "Legeza tumbo!" Nami nikawa naitikia wote, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, mpaka tumbo lenyewe likawa halijui liko upande gani.

Nikapata nafasi ya Frasquita kwenye opera ya Carmen, jumba dogo la opera, mji mdogo. Kwa wimbo ule unaofungua sehemu ya pili, ule unaoanza polepole na kuzidi kukimbia ubeti kwa ubeti, mwalimu wa dansi alitupangia hatua za kawaida tu. Mimi nikamfuata kando: "Mwalimu, mimi ni mchezaji, niongeze." Hakuniomba mtu. Akaniongezea mizunguko mitatu na kuruka mezani. Aliyeimba Mercédès, shoga yake Frasquita, dada mtu mzima aliyekuwa na misimu mingi kwenye jumba hilo, akaniangalia, akasema tu, "Haya."

Mazoezini nilicheza kwa sketi ya mazoezi na raba. Usiku wa kwanza nikafungwa koseti, mbavu zikakaa kama vifaranga kwenye tenga, nikavaa viatu vya kisigino. Ubeti wa tatu, mzunguko wa pili, pumzi ikapanda ikakaa mabegani. Tra la la nilizifungua mdomo tu. Mercédès aliziimba za kwake na za kwangu. Mezani nilipanda, watu wakashangilia, nikadhani nimeponea.

Akaingia Escamillo, yule mpigana na mafahali, na wimbo wake. Mnaujua. Mle ndani sisi wanawake tuna neno moja, kila mtu kwa zamu yake: l'amour. Mapenzi. Neno moja! Zamu yangu ikafika, nikafungua koo, likatoka kama kuku anayeshtuliwa usiku. Baritoni aliyeimba Escamillo akanigeukia, macho yamemtoka, kwa sababu alitakiwa kunitongoza. Kwenye ule wimbo wa watu watano nikaingia nimechelewa baa mbili, nikamvuta na mwenzetu aliyeimba Remendado. Maestro hakunitazama tena mpaka mwisho. Afadhali angenitazama.

Kesho yake mizunguko ikafutwa yote. Hakuna aliyenikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Mercédès aliniletea chai ya tangawizi, akanilaza sakafuni chumba cha kubadilishia nguo, akaniwekea kitabu tumboni. "Kiinue," akasema. Sikuweza. Ilinichukua wiki tatu.

4. Koseti na viatu viombe mapema. Sababu mmeisoma.

5. Kukataa hatua si dhambi. Opera ya Salome ilipoanza Dresden mwaka 1905, Marie Wittich, mwimbaji wa Salome mwenyewe, aligoma kucheza ile dansi ya shela saba, akachezewa na mchezaji wa baleti. Dansi hiyo huenda karibu dakika kumi, na baada yake bado unadaiwa kuimba sehemu ya mwisho nzima. Ukiweza zote mbili, hongera yako. Mimi naziangalia nikiwa nimekaa.

6. Pedi za magoti chini ya sketi. Hakuna anayeona.

7. Ukiambiwa toi toi toi, ile heri ya kabla ya kupanda jukwaani, usijibu asante. Na wenye mkataba wa Fest, ajira ya msimu mzima kwenye jumba la opera la Ujerumani, tarehe 31 Oktoba mnaijua, mwisho wa kuambiwa kama mkataba hauongezwi. Msinipigie simu usiku wake mkilia, pigeni asubuhi.

Yule binti wa juzi nilimfuata baada ya mazoezi. Akaniuliza, "Dada, kwani nilikosea wapi?" Nikamwambia alale chali, nikamwekea kitabu tumboni. Kikapanda, kikashuka, kikapanda vizuri tu kuliko changu cha enzi zile. Nikaanza kumweleza habari ya koseti, kumbe mwenzangu kashasinzia. Sikumwamsha mpaka saa kumi na moja.